Diski ya Mtandao Iliyosahaulika: Ufunguo wa Watu Ndani ya Kompyuta Yetu

Mtu akihama nyumba ya kupanga, hata awe na haraka namna gani, hutafuta nafasi ya kumrejeshea mwenye nyumba ufunguo wake. Hahitaji kukumbushwa. Anajua kwamba ufunguo ule ulikuwa haki yake alipokuwa akilipa kodi, na kwamba siku aliyotoa vyombo vyake haki hiyo ilikoma. Lau ataondoka nao mfukoni, watu watamshuku, hata kama moyoni hana nia ya kurudi.

Katika kompyuta zetu hali si hiyo. Twaacha kazi, twafunga biashara, twanunua kompyuta ya mitumba au twaachiwa ya marehemu, na ndani ya kompyuta hizo mna funguo za milango ya watu ambazo hazikurejeshwa kwa wenyewe. Mmojawapo ni muunganisho wa zamani wa diski ya mtandao. Wako wanaouona kila siku wafunguapo kompyuta: picha ndogo ya diski, herufi kama Z au Y kando yake, na alama nyekundu ya X juu yake. Hupitwa tu, kwa kuwa hakuna ajuaye ni kitu gani, na hakuna anayethubutu kuigusa. Juma hili twapenda kuzieleza familia zetu maana ya alama hiyo, kwa nini haifai kuachwa ilivyo, na namna ya kuiondoa bila ya kuharibu mali ya mtu.

Diski isiyokuwamo ndani ya kompyuta

Kompyuta huhifadhi kazi zetu katika diski yake ya ndani, ambayo kwa kawaida mashine za Windows huipa herufi C. Ukichomeka flashi, nayo hupewa herufi yake, labda D au E. Diski ya mtandao huonekana vivyo hivyo, ina herufi na ina folda zake, lakini kwa hakika haimo ndani ya kompyuta yako. Iko ndani ya kompyuta nyingine, au ndani ya sanduku maalumu la kuhifadhia kazi, katika chumba cha pili au orofa ya juu. Herufi uionayo ni njia tu ya kufikia huko. Windows hupendekeza herufi za diski hizi kuanzia mwisho wa alfabeti, na ndiyo sababu aghalabu huwa ni Z.

Maofisi, zahanati, shule na maduka hupenda mpango huu kwa sababu njema. Makarani watatu waweza kutumia daftari moja la hesabu bila ya kupelekeana flashi. Tuchukue mfano wa wakala wa safari za Hija na Umra. Nakala za pasipoti za mahujaji, picha zao, nambari za simu na risiti za malipo huwekwa mahali pamoja, na kila mfanyakazi huzifikia kupitia diski Z katika kompyuta yake. Siku ya kwanza fundi hutengeneza muunganisho, huandika jina na neno la siri, kisha huiamuru kompyuta iukumbuke muunganisho ule kila inapowashwa. Tangu siku hiyo hakuna anayeufikiria tena.

Amri hiyo ya kukumbuka ndiyo asili ya mambo yote tutakayoyaeleza. Dada akiacha kazi kwa wakala yule na kubaki na kompyuta aliyokuwa akiitumia, kompyuta haijui kwamba ameacha kazi. Kila inapowashwa hujaribu kurudi kule kule ilikoagizwa. Akiwa nyumbani diski haitapatikana, nayo kompyuta itatia alama nyekundu na kutoa ujumbe kwamba imeshindwa kuunganisha diski zote za mtandao. Kushindwa huko si kusahau. Njia bado inaikumbuka, na mara nyingi neno la siri pia inalikumbuka. Siku kompyuta hiyo itakaporudi katika mtandao wa ofisi ile, ikiwa mikononi mwa yeyote anayetumia akaunti ile ile, na ikiwa ofisi haijabadilisha neno la siri, mlango waweza kufunguka bila ya mtu kupiga hodi.

Madhara makubwa na madogo

Tuanze na dogo. Kompyuta inayotafuta diski isiyojibu huwa nzito. Unafungua dirisha la faili, au wataka kuhifadhi barua uliyoiandika, na mashine inasita kwa muda kama mtu anayengoja jibu kutoka ng'ambo. Kompyuta kuwa nzito kuna sababu nyingi, lakini kabla ya kugharimika kwa fundi yafaa kuangalia kama kuna muunganisho wa zamani unaoichelewesha. Kuuondoa hakugharimu hata shilingi moja.

La pili ni kubwa zaidi, nalo ni siri za watu. Kompyuta ya nyumbani haina mtumiaji mmoja. Mama huitumia kwa hesabu zake, kijana kwa kazi ya chuo, mdogo kwa michezo, na binamu aliyekuja likizo naye huketi mbele yake. Ikiwa ndani yake mna njia ya kufikia majalada ya wagonjwa wa zahanati, au matokeo ya wanafunzi, au pasipoti za mahujaji, basi siri ya watu mamia yategemea adabu ya mtoto wa miaka kumi na miwili. Na siku kompyuta ile itakapouzwa, itategemea adabu ya mtu tusiyemjua kabisa.

La tatu ni virusi vya kuteka nyara. Hivi ni virusi vinavyofunga faili kwa fumbo ili mwenyewe asiweze kuzisoma, kisha wahalifu humdai kikombozi. Kilichojulikana kwa jina la CryptoLocker, kilichoenea mwaka 2013, hakikuridhika na diski ya ndani ya kompyuta iliyoambukizwa. Kilizifuata na diski za mtandao zilizounganishwa nayo, kikazifunga faili zake pia. Kwa maneno mengine, barua pepe ya udanganyifu iliyofunguliwa na mtu mmoja katika kompyuta moja iliweza kuangamiza kazi ya ofisi nzima, kwa kuwa njia ilikuwa wazi.

Miaka minne baadaye, tarehe 12 Mei 2017, ulimwengu ulishuhudia msiba mkubwa zaidi ulioitwa WannaCry. Kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zipatazo 150 ziliambukizwa, na nchini Uingereza hospitali za umma zililazimika kuahirisha matibabu ya maelfu ya wagonjwa. Kikombozi kilichodaiwa kilianzia dola 300 kwa kila kompyuta. WannaCry ilipenya kupitia udhaifu katika toleo la kwanza la SMB, ambayo ni lugha inayotumiwa na kompyuta za Windows kufikiana na kugawana folda. Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya udhaifu huo mwezi Machi mwaka huo huo, lakini wengi hawakuwa wameitia katika mashine zao.

Hatusemi kwamba kila diski Z italeta msiba kama huo. Twasema kwamba njia isiyokuwa na kazi haina faida, ila ina hatari, na mwenye akili huifunga mapema. Wahenga wetu walisema tahadhari kabla ya hatari.

Amana haikomi kwa kuondoka

Kwetu sisi Waislamu jambo hili halikomei kwenye ufundi. Kilichomo ndani ya diski ile ni mali na siri za watu, na tulipopewa ruhusa ya kuvifikia tulipewa amana.

Tukumbuke namna Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alivyoondoka Makka mwaka 622. Watu wa Makka walikuwa wamemwekea vitu vyao, wakiwamo wale waliompinga na kumfanyia uadui, kwa sababu hawakumjua mwaminifu kuliko yeye. Usiku ule maisha yake yalikuwa hatarini. Angeweza kusema kwamba watu waliotaka kumwua hawana tena haki juu yake. Hakusema hivyo. Alimwacha nyuma Sayyidna Ali bin Abi Talib (R.A.) azirejeshe amana zile kwa wenyewe, na Ali alibaki Makka mpaka alipoitimiza kazi hiyo, ndipo akamfuata Madina.

Kisa hiki twakisimulia kila mwaka mpya wa Hijria, na watoto wetu wanakijua. Yafaa tukitazame pia kwa jicho la mtu anayeacha kazi. Huenda ameondoka kwa wema, huenda ameondoka kwa ugomvi na anadai mshahara wa miezi miwili. Vyovyote iwavyo, dai lake lina njia yake, na amana ina yake. Kubaki na njia ya kufikia faili za ofisi ili “siku moja zitanifaa” si kudai haki.

Suratun-Nisaa, katika aya ya 58, yatuamrisha kurejesha amana kwa wenyewe. Suratun-Nur, katika aya ya 27, yatufunza adabu ya kuomba idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba zisizokuwa zetu. Mafunzo hayo tumeyalea katika mabaraza na mikeka yetu tangu utoto. Leo nyumba nyingine za watu zimo ndani ya kioo cha kompyuta, na adabu ni ile ile.

Sheria za nchi yetu nazo ziko upande huo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inamhakikishia kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika habari za watu kuzilinda, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 imefanya kuingia katika kompyuta ya mtu bila ya idhini kuwa kosa. Aliyekuwa na idhini jana huenda leo hana.

Kabla ya kukata njia

Pupa nayo haifai. Kabla ya kuondoa muunganisho, kuna mambo matatu ya kutazama.

Kwanza, fahamu tofauti kati ya kukata njia na kufuta vilivyomo. Kukata njia ni kuondoa ile herufi tu. Faili zabaki salama kule ziliko. Kufuta ni kuingia ndani ya diski na kuondoa faili zenyewe. Wako watu ambao kwa nia njema huingia katika diski Z, huchagua kila kitu na kukifuta, wakidhani wanasafisha kompyuta yao. Ikiwa siku hiyo diski iko hewani, wamefuta kazi ya ofisi nzima. Na kwa kawaida faili inayofutwa katika diski ya mtandao haiendi katika pipa la taka la kompyuta yako. Hutoweka papo hapo, na kuirudisha ni lazima ofisi iwe na nakala ya akiba.

Pili, ulizia kama kuna kilicho chako kule. Huenda uliwahi kuweka barua zako, vyeti vyako au picha za watoto. Omba ruhusa kwa mwenye ofisi, unakili kilicho chako mbele yake au kwa idhini yake, na kilicho chao ukiache. Vivyo hivyo, ikiwa uliwahi kunakili faili za ofisi katika kompyuta yako ili ufanyie kazi nyumbani, zirejeshe, kisha uzifute kwako. Kukata njia na kubaki na nakala si kurejesha amana.

Tatu, ikiwa kompyuta ni ya marehemu, usikate mpaka ujue njia ile yaelekea wapi. Mjane aliye edani, au mtoto mkubwa aliyeshika mambo ya nyumba, aweza kuona alama ile nyekundu na kuiondoa ili kompyuta iwe nyepesi. Lakini huenda diski ile ndiyo iliyokuwa na daftari la madeni ya marehemu, anayodai na anayodaiwa, au hesabu za ushirika wake na mwenziwe. Deni la maiti hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, na haliwezi kulipwa lisipojulikana. Andikeni kwanza jina lote la muunganisho ule kama lilivyo, mwulizeni mshirika wake, mpate nakala ya yale yanayowahusu warithi, ndipo mkate njia.

Namna ya kuiondoa

Haya sasa ndiyo maelezo yenyewe. Tumeyaweka kwa mashine za Windows kwa kuwa ndizo zilizoenea majumbani, na maneno ya kwenye kioo tumeyaacha kwa Kiingereza kama msomaji atakavyoyakuta.

1. Funga faili zote ulizozifungua kutoka katika diski ile. Kisha bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na kitufe cha E. Litafunguka dirisha la faili. Upande wa kushoto chagua “This PC”. Diski zote zitaonekana, na za mtandao huwa zimetengwa katika kundi lao.

2. Weka mshale juu ya diski unayotaka kuiondoa, ubonyeze kitufe cha kulia cha kipanya. Katika orodha itakayotokea chagua “Disconnect”. Katika Windows 11, usipoliona neno hilo, chagua kwanza “Show more options”, nalo litatokea. Hakuna haja ya diski kuwa hewani. Hata ile yenye alama nyekundu huondoka kwa njia hii.

3. Ikikataa, au ikiondoka na kubaki kivuli chake, tumia njia ya maandishi. Fungua menyu ya Windows, andika cmd, ubonyeze kitufe cha kuingiza. Katika dirisha jeusi litakalofunguka andika net use. Utaona orodha ya miunganisho yote, pamoja na herufi zake na majina ya kompyuta inakoelekea. Kuondoa ile ya Z andika net use Z: /delete. Neno hilo la mwisho lisikutishe: hapa linafuta muunganisho, halifuti faili. Fungua dirisha hilo kwa njia ya kawaida, si kama msimamizi wa mashine, kwa sababu ukilifungua kama msimamizi huenda miunganisho ya mtumiaji wa kawaida isionekane.

4. Usiishie hapo. Herufi imeondoka, lakini neno la siri laweza kuwa bado limehifadhiwa mahali pengine, na wengi hawafiki huko. Katika menyu ya Windows andika Credential Manager, ufungue, uchague “Windows Credentials”. Tafuta mstari wenye jina la kompyuta uliyokuwa umeunganishwa nayo, lile lile uliloliona katika orodha ya net use. Ufungue mstari huo, uchague “Remove”. Mistari mingine usiyoijua iache ilivyo, kwa maana huenda ni ya programu unazozitumia.

5. Zima kompyuta na uiwashe tena. Tazama kama diski imerudi. Ikiwa kompyuta ina akaunti za watu kadhaa, ingia katika kila akaunti uangalie, kwa sababu miunganisho hii huwekwa kwa kila mtumiaji peke yake. Ile uliyoiondoa kwa mama yaweza kuwa bado ipo kwa kijana.

Wenye kompyuta za Mac hali yao haitofautiani sana. Diski ya mtandao huondolewa katika dirisha la Finder kwa kubonyeza alama ya kuitoa, iliyo kando ya jina lake. Ikiwa hujirudia kila kompyuta inapowashwa, huwa imewekwa katika orodha ya “Login Items” ndani ya mipangilio, na huko ndiko iondolewe. Neno la siri nalo hutunzwa ndani ya Keychain.

Ikirudi tena, na ikikataa kufunguka

Huenda ukaiondoa diski asubuhi, na jioni ukaikuta imerejea. Hilo likitokea katika kompyuta ya kazini, mara nyingi ni kwa sababu msimamizi wa mtandao ameamuru kila kompyuta ipewe diski hiyo mtu anapoingia. Usishindane nayo. Mwambie msimamizi, naye ataiondoa kwa upande wake. Na ikiwa uliacha kazi na kompyuta bado inatii amri za ofisi, hiyo ni dalili kwamba mashine yenyewe haijatengwa na ofisi. Yafaa urudi kwao mkamalize jambo hilo kwa uwazi.

Kwa kompyuta ya mitumba ushauri wetu ni mwingine. Tangu Microsoft ilipokomesha msaada wa kawaida wa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, mashine zisizoweza kupokea Windows 11 zimekuwa mzigo kwa maofisi, na nyingine huishia madukani kwa bei nafuu. Ukinunua ukakuta ndani mna akaunti, faili au diski za mtandao za wenyewe wa kwanza, usipekue. Irejeshe mashine katika hali ya upya kwa kuchagua “Reset this PC”, kisha “Remove everything”, au umtake muuzaji afanye hivyo mbele yako. Na wewe ukiuza yako, mnunuzi ana haki ya kuikuta safi, kama vile wewe una haki ya kutoacha siri zako mikononi mwake.

Iko hali nyingine, nayo ni ya diski unayoihitaji bado lakini imeacha kufunguka baada ya kubadilisha kompyuta. Ikiwa sanduku la kuhifadhia kazi ni la zamani sana, huenda linajua toleo la kwanza la SMB peke yake, lile lile lililopitiwa na WannaCry. Toleo hilo haliji tena na Windows mpya, na tangu mwishoni mwa mwaka 2017 Windows 10 nayo ilianza kutoka bila ya toleo hilo kuwekwa kamili. Baadhi ya mafundi hushauri lirudishwe ili mambo yaende. Twawashauri wasomaji wasikubali kwa wepesi. Ni bora kunakili kazi iliyomo na kuihamishia mahali papya.

Upande wa pili wa mlango

Mpaka hapa tumezungumza juu ya njia zitokazo kwetu kwenda kwa watu. Kuna na njia zitokazo kwa watu kuja kwetu, na hizi zinazigusa nyumba zetu zaidi.

Familia nyingi huhifadhi picha za arusi katika kompyuta. Katika arusi zetu za pwani kuna shughuli za wanawake peke yao, kama kupamba, ambamo mama na mabinti hujipamba na kuvua mabuibui kwa kuaminiana kwamba hakuna jicho la mwanamume lisilo mahram. Picha zilizopigwa humo ni sitara ya wanawake wengi, si ya bibi arusi peke yake. Sasa folda ya picha hizo iwekwe katika kompyuta, na kijana wa nyumba aifungue kwa wengine ili aweze kuitazama kwenye televisheni. Ikiwa nyumba iko katika jumba la ghorofa ambalo wapangaji wote hutumia Wi-Fi moja, yawezekana folda ile ikaonekana na kompyuta ya jirani.

Kuangalia si kazi ngumu. Katika lile dirisha jeusi andika net share. Utaona orodha ya folda ambazo kompyuta yako imezifungua kwa wengine. Zile zenye alama ya dola mwishoni, kama C$ na IPC$, ni za Windows yenyewe, usiziguse. Ukiona nyingine usiyoitaka, iendee folda hiyo katika dirisha la faili, ubonyeze kitufe cha kulia, uchague “Properties”, kisha “Sharing”, kisha “Advanced Sharing”, na uondoe alama ya tiki iliyo kando ya maneno “Share this folder”. Pia, unapotumia Wi-Fi ya watu wengi, ihesabu katika mipangilio kuwa ni mtandao wa “Public”, kwa maana hapo Windows huificha kompyuta yako.

Na wenye biashara, maofisi ya madrasa na kamati za misikiti wasiwatupie mzigo wote walioondoka. Mfanyakazi akiacha kazi, afutiwe jina lake katika seva siku hiyo hiyo, na ikiwa neno la siri lilikuwa moja kwa watu wote, libadilishwe. Hilo halimaanishi kumshuku. Lampa aliyeondoka raha ya nafsi, kwamba likitokea jambo kesho hakuna atakayemnyooshea kidole.

Twapendekeza kila familia itenge saa moja mwishoni mwa juma hili, mama na watoto waketi pamoja mbele ya kompyuta ya nyumbani, waandike net use na net share, wasome kinachotokea, na waulizane kila mstari ni wa nani. Vijana wetu wana wepesi wa vidole, na wazee wana kumbukumbu ya nani alifanya kazi wapi na kompyuta ilitoka kwa nani. Kazi hii yawahitaji wote wawili, na ndani yake watoto watajifunza amana kwa mikono yao.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zetu, atujaalie kuwa wenye kutunza amana na kuzirejesha kwa wenyewe, na awarehemu waliotutangulia. Amin.